Mtoto akipelekwa gereji kujifunza kazi, nani anamlinda?

Tunduma ni mji unaolishwa na malori. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati yake, reli ya Tazara nayo inavukia hapo, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Malori yanayokwenda Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni, na lori lililosimama halikosi la kutengenezwa: pancha, springi iliyokatika, redieta inayovuja, tela lililopasuka chuma.

Ndiyo maana kwa wazazi wengi wa mji huu, matokeo ya kidato cha nne yakija mabaya, jibu huwa karibu. Mtoto wa kiume anapelekwa gereji. Wa kike anapelekwa kwa fundi cherehani au saluni. Hakuna fomu ya kujaza wala risiti ya ada. Mzazi anaongea na fundi anayemfahamu, wanakubaliana kwa maneno, na kesho yake mtoto anavaa nguo chakavu na kwenda kujifunza kazi.

Familia moja ya kata ya Sogea ilifanya hivyo mwanzoni mwa mwaka 2022. Baba ni dereva wa lori, anayekaa nyumbani siku chache kwa mwezi. Mama anauza chai na chapati asubuhi na wali mchana, karibu na maegesho ya malori. Kijana wao, mtoto wa kwanza, alikuwa na miaka 17 na alikuwa amepata divisheni ziro.

Jirani mmoja alimshauri mama huyo ampeleke mwanawe VETA. Mama alijibu kwa hasira kwamba VETA ni ya waliofeli. Alipoyatamka maneno hayo alijua mwenyewe yamemrudia, lakini hakuyafuta. Kwa miaka minne alikuwa amewaambia wateja wake kwamba mwanawe atakuwa daktari.

Baadaye, hasira ilipopoa, alipiga hesabu. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Fedha hiyo angeipata. Lakini chuo alichokijua yeye kilikuwa Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma. Hapo kuna nauli, vifaa, sare, na kama bweni limejaa kuna chumba cha kupanga na chakula cha kila siku. Biashara ya chapati isingebeba yote hayo.

Kaka yake mama, yaani mjomba wa kijana, alikuwa na gereji. Baba alipigiwa simu akiwa kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Akasema, "Mpeleke kwa mjomba wake. Huko hatapotea."

Mkataba ulikuwa mfupi. Kijana hatalipa kitu, na hatalipwa. Atapewa hela ya kula. Akishajua kazi, mjomba ataanza kumkatia kidogo katika kila kazi anayofanya.

Alichofundishwa na ambacho hakufundishwa

Mjomba si mtu mbaya, na ni fundi hasa. Akisikia injini ya lori inavyonguruma anaweza kusema tatizo liko wapi kabla ya kufungua boneti. Alimfundisha mpwa wake kwa njia ileile aliyofundishwa yeye: shika spana, nipe jeki, tazama ninavyofanya, sasa fanya wewe.

Mwaka wa kwanza kijana alikuwa wa kuosha vyuma kwa petroli, kubeba betri na kukaza nati. Mwaka wa pili alianza kuchomelea tela na kutumia grenda. Mikono yake ilikuwa myepesi. Madereva wa Kizambia walianza kumuulizia yeye.

Mama aliona mabadiliko na akafurahi. Mtoto aliyekuwa analala hadi saa nne alikuwa anaamka alfajiri. Jioni alileta shilingi elfu mbili au tatu, anaziweka mezani bila kusema kitu. Maneno ya VETA yakasahaulika.

Yalikuwepo mambo mengine ambayo mama aliyaona lakini hakuyapa uzito. Usiku fulani kijana alilia kwamba macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. Mafundi wenzake walimwambia ni kawaida, "umepigwa na moto wa mashine", wakamshauri aweke maziwa au abandike vipande vya kiazi. Siku nyingine alirudi akikohoa na ananuka dizeli, kwa sababu alikuwa amevuta mafuta kwa mdomo kupitia mpira na yakamwingia kooni. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vimepasuka.

Mama alidhani huko ndiko kukomaa. Kwa jicho la afya, kila moja ya hizo ni dalili yenye jina na yenye kinga.

Macho kuwaka usiku baada ya kuchomelea ni kuungua kwa sehemu ya mbele ya jicho kutokana na mionzi ya mashine. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu hulala vizuri na kuamka usiku akilia. Mara nyingi hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini jicho lililoungua linahitaji kuonwa na mtaalamu, si kumwagiwa maziwa ambayo yanaweza kuingiza vijidudu. Matone ya jicho yaliyobaki nyumbani kutokana na ugonjwa mwingine nayo ni hatari, kwa kuwa baadhi yana dawa zinazoweza kuzidisha kidonda cha jicho.

Kuvuta mafuta kwa mdomo kunaweza kupeleka petroli au dizeli kwenye mapafu na kusababisha nimonia. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana yakipanda tena ndipo huingia kwenye njia ya hewa. Apelekwe kituo cha afya.

Katika gereji ya mjomba palikuwa na ngao moja ya uso ya kuchomelea, kioo chake kimepasuka. Miwani ya kujikinga wakati wa kutumia grenda haikuwepo kabisa. Mjomba mwenyewe alikuwa na mbinu yake aliyoizoea kwa zaidi ya miaka 20: anafumba jicho moja na kugeuza uso kidogo.

Siku ya grenda

Mwaka 2024, miaka miwili tangu aanze, kijana alikuwa anakata bomba la tela. Kipande kidogo cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele, kiliruka na kuingia jicho la kulia.

Wenzake walifanya walivyojua. Mmoja alijaribu kukitoa kwa ncha ya leso. Mwingine alileta maji. Kijana alilisugua jicho kwa kiganja chenye grisi. Ikapita saa nzima kabla hajapelekwa zahanati, na huko wakasema hili si letu, mpelekeni mbele. Kesho yake alfajiri mama na mjomba walikuwa kwenye basi la Mbeya, kijana akiwa katikati yao na kitambaa usoni.

Wataalamu wa macho wanasema jambo moja kila mara kuhusu ajali ya aina hii. Chuma kikiingia jichoni, usisugue, usijaribu kukitoa mwenyewe, na usiliminye jicho. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, hata kitako cha kikombe cha karatasi, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa kilichoingia ni maji ya betri, chokaa au kemikali nyingine, hapo ni kinyume: osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, ndipo uende hospitali. Na kila jeraha la chuma lina swali la chanjo ya pepopunda.

Chuma kilitolewa. Jicho lilinusurika, lakini kidonda kilikuwa kimeshaingia maambukizi, na kilipopona kiliacha kovu jeupe kwenye kioo cha mbele cha jicho. Kijana anaona mwanga, anaona mtu amesimama, ila kwa jicho hilo hawezi kusoma namba ya gari iliyo upande wa pili wa barabara.

Ndoto yake ilikuwa kujifunza ufundi kwanza, kisha kuwa dereva wa lori kama baba yake. Leseni ya magari makubwa inataka macho mawili mazuri. Hilo hakumwambia mtu hospitalini. Alimwambia mama yake wiki mbili baadaye, wakiwa wanakunja meza za biashara.

Nani alipe?

Gharama za hospitali zililipwa na mjomba nusu, na mama nusu kwa fedha za mchezo alizopokea mapema baada ya kuwaomba wenzake. Baba aliporudi safari, ugomvi ulizuka. Baba alisema mjomba amemharibia mtoto. Mjomba alisema, kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi nilifundishwa hivyohivyo. Ningejuaje?"

Swali la baba lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Mfanyakazi wa kampuni iliyosajiliwa akiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao waajiri huuchangia. Kuna pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumweka mtoto wa chini ya miaka 18 kwenye kazi hatarishi, hata kama sehemu hiyo si rasmi.

Lakini gereji nyingi za uchochoroni hazijulikani kwenye vitabu hivyo. Mtoto anayejifunza kwa mjomba si mfanyakazi, kwa sababu halipwi mshahara. Si mwanafunzi pia, kwa sababu hajaandikishwa popote. Akiumia, anarudi kuwa mtoto wa mama yake tu.

Baba, ambaye kampuni yake ina madereva wengi, alikuja kujifunza jambo jingine lililomshangaza. Waajiri wa namna hiyo hulipa serikalini tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi, anailipa mwajiri. Sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoendesha VETA. Kwa maneno mengine, kila mwezi baba alipolipwa, kuna kitu kilikuwa kinakwenda kufundisha watoto wa watu ufundi. Wa kwake hakuwemo.

Gredi thrii na ngazi ya tatu

Ugomvi ulipotulia, familia ilianza kuuliza maswali ambayo ingeuliza mwaka 2022. La kwanza lilikuwa hili: je, kijana aanze upya VETA mwaka wa kwanza, na miaka miwili ya gereji ihesabiwe hasara?

Mjomba alikuwa na cheti. Alikitoa kwenye bahasha iliyogeuka rangi: majaribio ya ufundi, daraja la tatu, maarufu kama gredi thrii, cha miaka ya 1990. Akasema kwa fahari kwamba yeye yuko ngazi ya tatu, na vijana wa siku hizi wanaanzia ya kwanza.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Katika mfumo wa zamani wa gredi, ya tatu ndiyo ilikuwa ya chini na ya kwanza ndiyo ya juu. Katika mfumo wa sasa wa tuzo za ufundi stadi imegeuzwa: ngazi ya kwanza ndiyo ya kuanzia na ya tatu ndiyo ya juu. Mjomba alikuwa mlango wa kuingilia wa nyumba ya zamani, akidhani yuko ghorofani. Alicheka aliposikia, lakini si sana.

Mabadiliko ya namna hiyo yamepita mara kadhaa, na kila moja lilikuwa na sababu. Sheria ya mwaka 1974 iliweka mafunzo ya ufundi chini ya wizara iliyoshughulikia kazi, na kijana alisoma chuoni kisha akapelekwa kiwandani kama mwanagenzi. Viwanda vya umma vilipoanza kuyumba, mfumo huo ulibaki ukizalisha mafundi bila kuuliza soko linataka nini. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyoanzisha VETA, na lengo likawa kufundisha kile ambacho waajiri na mafundi wenyewe wanakihitaji, na kumpima mwanafunzi kwa anachoweza kufanya.

Kwa miaka mingi VETA ilikuwa inafundisha, inasajili vyuo vya wengine na kutahini, yote kwa pamoja. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaligawa kazi hizo. VETA ikabaki na vyuo vyake na kufundisha. Usajili wa vyuo na usimamizi wa mitihani na vyeti ukaenda kwenye baraza lililokuwa likiitwa NACTE, ambalo sasa ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi.

Kwa mzazi, jambo hilo la ofisini lina matokeo mawili ya nyumbani. Kwanza, chuo chochote cha ufundi, kiwe cha serikali, cha dini au cha mtu binafsi, kinatakiwa kuwa na usajili wa NACTVET, na mzazi ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla ya kulipa hata senti moja. Pili, ngazi sasa zimeunganishwa. Ya kwanza hadi ya tatu ni ufundi stadi. Ya nne hadi ya sita ni ufundi, ambako ya sita ni stashahada. Ya saba na ya nane zinafika shahada. Anayeanza na spana anaweza, kwa masharti ya ufaulu, kupanda hadi uhandisi. Maneno ya mama kwamba VETA ni ya waliofeli yalikuwa ya nyakati ambazo ngazi hizo hazikuonekana.

Ujuzi wa mtaani una njia yake

Swali la miaka miwili ya gereji nalo lina jibu. Kuna utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza kazi kwa kufanya, awe wa magari, wa kuchomelea, mwashi, seremala, mshonaji au mpishi, anajiandikisha kupitia chuo cha VETA. Hakuna anayemuuliza divisheni. Anaeleza kazi anazoziweza, anaonyesha ushahidi, anahojiwa, kisha anafanya kazi mbele ya wakaguzi. Pale panapoonekana pengo anafundishwa kwa muda mfupi. Akifuzu anapata cheti cha ngazi inayolingana na ujuzi wake. Kuna nyakati serikali yenyewe, kupitia programu za kukuza ujuzi, imegharamia vijana kupita njia hii.

Kijana wa Sogea alijiandikisha. Kazi ya mikono haikumsumbua. Alifungua gia boksi na kuirudisha huku wakaguzi wakitazama saa. Kilichomsumbua ni maswali. Aliulizwa kwa nini betri hufunguliwa waya wa hasi kwanza. Aliulizwa kabla ya kuwasha grenda anakagua nini, na jiwe la kukatia linadumu hadi lini. Alikuwa hajui kama jiwe lenye ufa linaweza kupasuka likiwa linazunguka. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mjomba hakuwa amemficha. Na yeye alikuwa hajui.

Pengo lake liliandikwa hivyo: usalama kazini, vipimo na kusoma michoro. Akapangiwa kusoma hayo kabla ya kupewa cheti.

Tofauti kati ya gereji na chuo ndiyo hiyo, na haitakiwi kumdharau fundi wa mtaani. Gereji humpa mtoto mikono na wateja. Chuo humpa sababu ya kila kitu anachofanya, kinga, na karatasi inayoeleweka hata mahali ambako mjomba hajulikani. Nchi kama Ujerumani zimefanya vitu hivyo viwili kuwa kimoja: mwanafunzi ana mkataba na karakana, anafanya kazi siku kadhaa na kwenda shule siku nyingine. VETA imejaribu njia hiyo ya uanagenzi pacha katika baadhi ya vyuo vyake kwa kushirikiana na chama cha mafundi cha Hamburg. Tunduma, yenye gereji kila baada ya hatua chache, ingeufaa mpango wa namna hiyo kuliko miji mingi.

Umbali nao unapungua. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ukitoka ubavuni mwa Mbeya, na kwa sababu ni mchanga ulikosa chuo cha VETA cha mkoa. Katika mpango wa ujenzi ulioanza mwaka wa fedha 2022/23, serikali ilipanga vyuo 64 vya wilaya nchini na kimoja cha mkoa, na cha mkoa ni cha Songwe. Kwa mama anayepiga hesabu za nauli na chumba cha kupanga, chuo kilicho ndani ya mkoa ni nafuu kubwa kuliko punguzo lolote la ada.

Yule mdogo

Kuna mtoto mwingine katika nyumba hiyo, binti aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024. Mwaka huohuo mtaala mpya ulianza, na darasa lake ni miongoni mwa yaliyouanza. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 2025, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima ni miaka 10. Yeye na wenzake watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yao watamaliza la saba. Makundi hayo mawili yatagonga hodi kidato cha kwanza pamoja, mwaka 2028.

Akifika sekondari atakutana na mikondo miwili: wa jumla, na wa amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani, kama ufundi, kilimo au upishi, tangu kidato cha kwanza. Ufundi, ambao kaka yake aliupokea kama adhabu ya kufeli, yeye atauona kwenye ratiba ya shule.

Katika kikao cha wazazi shuleni, mama yake alisimama na kuuliza maswali ambayo hayakuwa ya ada wala ya michango. Je, shule yenye mkondo wa amali itakuwa na karakana, au watoto watachorewa spana ubaoni? Mwalimu wa fani amesomea fani hiyo? Wasichana watapangiwa ushonaji tu, au atakayetaka umeme ataruhusiwa? Na kwenye karakana hiyo, miwani ya kujikinga itakuwa mingapi, na watoto wangapi?

Wazazi wengine waligeuka kumtazama. Swali la mwisho lilionekana dogo. Mwalimu mkuu aliliandika.

Ni maswali ambayo mzazi yeyote anaweza kumuuliza mkuu wa chuo, au fundi wa jirani, kabla ya kumkabidhi mtoto. Ana miaka mingapi, na kazi hiyo inamfaa kwa umri wake? Atafundishwa nini kwa mpangilio gani, na kwa muda gani? Vifaa vya kujikinga viko wapi, navyo ni vizima? Akiumia, nani atampeleka hospitali na nani atalipa? Mwisho wa mafunzo ataondoka na nini mkononi? Makubaliano na fundi wa mtaani yanaweza kuandikwa kwenye karatasi ya daftari, yakasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Si lazima yawe ya wakili.

Fundi akikasirikia maswali hayo, mzazi atakuwa amepata jibu mapema. Wengi hawakasiriki. Wengi hawajawahi kuulizwa tu.

Mjomba kwa sasa ana miwani minne ya kujikinga, imetundikwa kwenye msumari ulio juu ya soketi ya grenda, ili asiyeivaa asiweze kuchomeka waya bila kuisogeza. Amejiandikisha kurasimishwa, na anasoma usiku kwa kutumia daftari la mpwa wake. Kijana anaendelea na kazi palepale kwa jicho moja zuri na moja la kusaidia, akisubiri kumaliza sehemu ya vipimo na michoro. Mvulana mpya akiletwa na mzazi wake, yeye ndiye anayekaa naye siku ya kwanza. Anaanza kwa kumwonyesha jiwe la grenda lililopasuka, kisha anamwambia amtazame usoni.